Nilimjibia Kaka Yangu Swali Lisilo Langu

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu kumwambia mama kwa mdomo nimeshindwa. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo mnivumilie.

Nina miaka ishirini na mmoja. Kwetu ni Namatala, Mbale, lakini nilikuwa naishi Walukuba, Jinja, kwa kaka yangu mkubwa aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Mimi ni mtu wa aibu. Mgeni akinisalimu, naangalia miguu yake. Kaka alikuwa akinitania, "Huo mdomo umeuazima kwa nani, hata unaogopa kuuchakaza?"

Tangu shemeji arudi kwao na mtoto, kaka alipunguza maneno. Akampa jirani redio yake, ile ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Niliona. Nikanyamaza, maana sikujua mtu anaanzaje kuuliza.

Asubuhi moja nilimkuta sakafuni, amekunywa kitu. Tulimkimbiza hospitali kwa boda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Katika chumba cha dharura wauguzi walihangaika naye mpaka alasiri, akafumbua macho.

Hapo ndipo alipokuja mtu mmoja. Hakuvaa koti la daktari. Alivaa shati la mikono mifupi na suruali iliyopigwa pasi, daftari mkononi. Alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha kaka, akasema kwa Kiswahili, "Pole, bwana. Naweza kuongea nawe kidogo?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu, Kiswahili si lugha ya kupeana pole. Bibi yetu aliishi miaka ya utawala wa wanajeshi, waliokuja kukamata watu wakiongea Kiswahili, akatulea na amri moja: ukisikia Kiswahili mlangoni, wewe hujui kitu. Mimi nilijifunza lugha hii Walukuba kwa majirani, watoto wa askari magereza, nikaipenda. Lakini amri ya bibi haikunitoka. Tena wanawake wa benchi la nje walikuwa wamesema kwamba mtu akijaribu kujiua akapona, polisi wanakuja kumchukua.

Nikajiambia, huyu ni askari aliyevaa kiraia.

Akamuuliza kaka taratibu, "Ulikuwa unataka kufa?"

Kaka aligeuza kichwa. Midomo yake ikafunguka. Naapa alitaka kujibu. Mimi nikamfinya mkono chini ya shuka, nikasema, "Hapana, afande. Alikosea chupa."

Yule mtu alinitazama. "Mimi si afande, kijana wangu. Mimi ni mshauri wa hapa hospitalini."

"Ndiyo, afande."

Alicheka kidogo. Kaka hakucheka. Yule mtu akauliza kama nyumbani kuna kitu cha kumdhuru, na kama kuna mtu ambaye kaka anaweza kumwambia siku mawazo yakirudi. Yote nilijibu mimi. Hakuna kitu, afande. Watu wapo, afande. Mimi ambaye nikitumwa chumvi narudiarudia maneno njiani, siku hiyo niligeuka wakili.

"Ningependa kumsikia yeye mwenyewe," alisema.

"Koo linamuuma."

Kaka akafumba macho. Muuguzi akamwita mshauri kwa mgonjwa mwingine. Kabla ya kwenda alinipa karatasi. "Alhamisi aje aniulizie. Na wewe uje naye." Karatasi ile niliichana chooni. Kaka aliporuhusiwa kutoka, nikampeleka Mbale kwa mama, nikasema ni tumbo.

Njiani alisema jambo moja tu. "Yule mtu alivuta kiti akakaa. Askari hakai hivyo."

Nikamjibu, tushukuru tumetoka.

Mama alimpikia malewa, yale machipukizi ya mianzi kwa karanga anayoyapenda tangu utotoni. Alikula matonge mawili. Mama akasema ni uchovu wa kiwanda. Mwenye kujua ukweli nilikuwa mimi peke yangu, na nililala naye chumba kimoja wiki tatu bila kumuuliza.

Wiki ya tatu alijaribu tena.

Mungu akasaidia, akapona. Katika hospitali ya huku mshauri ni mama mmoja anayeongea lugha yetu. Nilimsimamisha kwenye korido, mara ya kwanza maishani mwangu kumsimamisha mgeni, nikamweleza yote. Akasema kazi yake si kukamata watu. Akaingia, akavuta kiti, akauliza, "Mwanangu, ulitaka kufa?"

Kaka alinitazama mimi.

"Hapana," akasema. "Nilikosea chupa."

"Kaka, mwambie," nikasema. "Nilidanganya mimi."

"Wewe si ulishajibu?" Akageukia ukutani.

Sasa yuko nyumbani. Yule mama mshauri anakuja kila Jumatatu, anakaa, na kaka anaongea naye habari za mvua. Mshauri anasema hatachoka. Mimi sina la kufanya. Kila nikifungua mdomo, naona kaka anafunga wake. Na mama, aliyeshajua kuwa hata Jinja halikuwa tumbo, bado ananiuliza, "Kwani huko Jinja hawakuwa na mtu wa kumsaidia?" Nami naangalia miguu yake.

Wewe unayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa wako, nakuomba. Mtu akivuta kiti akauliza swali hilo, usijibu wewe. Kama unaogopa, toka nje utetemeke huko. Nilidhani swali lile litamletea kaka balaa. Kumbe alikuwa akilingoja. Na ukiona ndugu yako anagawa vitu vyake, muulize leo, kwa lugha yoyote uliyo nayo, kisha umpeleke kwa watu wa kazi hiyo.

Mkono wake ushike. Usiufinye.