Asubuhi Tulikuwa Tunacheza Mbele ya Biro

Ile jumba ya magorofa tatu yenye kutazama ziwa ilijengwa na kampuni ya wazungu, ya pamba. Leo watu wanapikia makaa kwenye balkoni yake na wanaanika mashuka kwa madirisha. Mie nikipita chini, shingo inapanda yenyewe mpaka gorofa ya tatu.

Wakati wa Zaïre, kila muntu akiitwa citoyen, jumba ilipewa wenyeji, nami nikaingia mule kama planton, muntu wa kupeleka makaratasi ya ofisi, biro moja mpaka ingine. Shule iliniacha secondaire ya pili, sikuikimbilia.

Lakini asubuhi, mukubwa alikuwa mie. Mbele ya kuanza kazi, biro zote zilishuka kwa bendera kuimba na kuchezea Chama ya Rais. Animation, njo tuliita. Kutikisa kiuno hakuna aliyenipita, basi wakaniweka mbele: mie naita, wao wanaitika "Ni weeewe!" Directeur na tumbo yake ndani ya abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, alifuata kiuno yangu kama mutoto wa shule.

Mustari wa nyuma alisimama dactylo wa gorofa ya tatu, binti wa kupiga barua kwa mashini. Alicheza kidogo tu, kama muntu anaonja chumvi. Nilitaka kumuoa. Nikajiambia: siku nitamukuta bila watu, nitasema.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Wakafunga gorofa ya kwanza, watu wakalia. Wakafunga ya pili, directeur akapanda boti ya Kigoma, hatukumuona tena. Mie nilisikitika kwa mudomo. Kila mulango ukifungwa, mustari unakuwa mufupi, dactylo anasogea karibu. Ningelia namna gani?

Asubuhi moja tukabakia wawili kwa bendera. Naita, anaitika yeye tu. Nikamwambia.

Akacheka.

"Ee, citoyen! Sasa njo unasema? Kazi imeisha. Kesho napanda treni, naenda kwa kaka yangu Lubumbashi."

"Nilingojea tubakie wawili."

"Wakiwa wawili, mwanaume anasema kila kitu. Ungesema mbele ya watu, ningejua ni kweli."

Kesho yake nilimubebea valizi yake ya nguo mpaka gare ya treni. Kulijaa watu, kuku, magunia ya samaki ndagala. Alipokaa kwa dirisha, nikapanda juu ya gunia moja.

"We papa!" mama mwenye gunia akapiga kelele. "Shuka, unakanyaga chakula ya watoto wangu!"

Sikushuka. Nikatoa sauti yangu ya animation:

"Dactylo wa gorofa ya tatu, nani anamupenda?"

Watu wa wakati ule, ukiwaita, wanaitika, hata hawajui ni habari gani.

"Ni weeewe!" gare yote ikajibu, hata mama wa ndagala.

Dactylo alicheka mpaka machozi, akayapanguza na kitambaa.

"Sasa najua," akasema.

Treni ikapiga honi, ikamubeba.