Makochi Yaliyohamia Kisugu

Baba alitutangulia Kampala kwa miaka mingi. Aliuza vipuri vya malori kule Kisenyi, springi na bolti na vyuma vingine vyeusi ambavyo hata yeye alivitaja kwa kuvionyesha kwa kidole, na usiku alilala chumba cha nyuma ya duka pamoja navyo. Sisi tulibaki Kitale na tulimjua kwa Krismasi. Kila Krismasi alikuja na shati jipya na Kampala mpya. Vita vimekwisha, alituambia, watu wanapaka nyumba rangi, hata mbwa wa huko siku hizi wanalala mchana. Krismasi moja akaja na habari kubwa kuliko mbwa: amepata nyumba Kisugu, tunahama wote.

Kisugu, kwa maneno ya Baba, palikuwa ni mahali pa upepo. Mabalozi ndiko walikokaa. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, karo ya kuendelea haikuonekana upande wowote, kwa hiyo kichwani mwangu nafasi ilikuwa tele. Nikapanga humo geti jeusi, bustani, na balozi mmoja mwenye huruma ambaye angenisikia nikiimba jikoni na kuuliza, huyu binti ni wa nani? Mama hakuuliza habari za mabalozi. Aliuliza kama makochi yake yataenea sebuleni.

Inafaa nieleze makochi. Mama aliyatafuta kwa kuuza maziwa, tangu mimi sijaanza shule mpaka nikaimaliza. Yalikuwa seti kamili: la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, rangi ya damu ya mzee, yote yamevishwa vitambaa alivyoshona kwa mkono wake. Vitambaa hivyo vilifuliwa mara nyingi kuliko sisi. Kwetu mgeni hapewi salamu kwanza, anapewa kiti. "Karibu kiti" ndiyo salamu yenyewe, mengine ni maswali tu. Nyumba isiyo na kiti cha maana, mwenyewe huongea na wageni nusu amesimama, kama mtu anayeomba msamaha. Mama alikuwa amesimama hivyo miaka mingi. Siku makochi yalipoingia ndani, alikaa, na hakuomba msamaha tena.

Basi tukahama na makochi. Mpakani afisa mmoja aliyakalia yote, moja baada ya jingine, akaegemea, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba hayana magendo. Mama alifurahi. Alisema kama nchi yenyewe imekaa na kuridhika, je, majirani?

Ziwa lilikuwepo, sikatai. Ulikuwa unaliona ukipanda juu ya paa. Mabalozi nao walikuwepo, kwenye kilima cha pili, na sisi tulikuwa chini bondeni, mahali ambapo maji ya mvua ya mabalozi yalikuja kupumzika. Ukuta wa mbele ulikuwa na matundu. Baba alisema fundi aliyaacha makusudi ya kupitisha hewa. Mama, ambaye hakuwa amesahau habari za vita, alitia kidole katika tundu moja, akageuka akamtazama.

"Huyo fundi alikuwa anajenga akiwa amesimama wapi, Baba watoto? Ng'ambo ya barabara?"

Baba alisema tuingize makochi.

Yalienea, ila sisi ndio hatukuenea. Tulipita sebuleni kwa ubavu kama kaa. Lakini Mama alitandaza vitambaa, akakunja mikono, akasema sasa wageni waje.

Wageni hawakuja haraka, na sababu ilikuwa mdomo wetu. Mama alikwenda kununua nyanya, akauliza bei kwa Kiswahili cha sokoni Kitale, sauti juu. Muuzaji alirudi nyuma hatua moja, akamsukumia ungo mzima. Mama alirudi akisifu ukarimu wa watu hawa. Ilichukua muda tukaelewa kwamba huko Kiswahili walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki, na yule mama wa nyanya alikuwa tu analinda roho yake. Mimi nilikwenda baadaye kumalizia malipo. Nilipiga magoti kwanza, kama nilivyoona wasichana wa pale wakifanya, na yule mama akacheka mpaka akaniongezea bilinganya.

Kupiga magoti nilikujifunza upesi kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani. Mwanamke anasalimia akiwa amepiga magoti, salamu zenyewe ni ndefu na zina vituo vyake, na ukifika mwisho unasikia kana kwamba umekunywa chai. Niliipenda. Mama aliponikuta nimepiga magoti kisimani mbele ya mwenye nyumba wetu, bibi mmoja mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Jajja, yaani bibi, alinitangulia na dumu njia nzima. Tulipofika aliweka dumu chini.

"Nilikuzaa na magoti ya kutembelea," alisema.

Jumamosi moja Jajja alikuja na wanawake wengine, mkungu wa matoke kichwani kwa mmoja wao. Walivua ndala mlangoni. Walipiga magoti, wakasalimia. Mama, ambaye alikuwa ameamka alfajiri kunyoosha vitambaa, alifungua mikono kama mchungaji wa kanisa.

"Karibuni viti."

Wakashukuru sana. Wakakaa chini.

Nafasi haikuwepo hapo chini. Walijipanga kati ya meza na makochi, miguu wameikunja upande mmoja, magoti ya huyu mgongoni mwa yule, mmoja kichwa chake kimeegemea mkono wa kochi kana kwamba kochi lile ni ukuta tu. Mama akafikiri hawakusikia. Akarudia, akapigapiga kochi kwa kiganja, vile unavyomwita paka. Wakatabasamu, wakashukuru tena, hawakuinuka. Basi akakaa yeye, peke yake, katikati ya kochi la watu watatu, na wageni chini yake, na mazungumzo yakaenda kama kesi ambayo hakimu hajui lugha ya washtakiwa. Walipoondoka Mama aliinua vitambaa, kimoja kimoja, akavinusa.

Walikuja tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Mwanamke mgeni haachwi peke yake, ndiyo desturi yao. Na kila mara walikaa chini. Nilimwambia Mama kwamba ni heshima, wanawake wa hapa hawakai kitini nyumbani kwa mtu. Aliniambia mimi nimeshanunuliwa kwa bilinganya. Heshima gani hiyo ya kukikimbia kiti? Angekuwa mke wa balozi wangekaa. Wameona sisi ni watu wa kuja, tumetoka na kunguni zetu mpakani, na mbaya zaidi wanacheka.

Baba, mtu wa vyuma, aliona tatizo ni la kiufundi. Kama wanahofia kunguni, kunguni waondoke. Akaja na dawa kutoka Katwe, iliyochanganywa na mtu anayemjua mwenyewe, akayanyunyizia makochi yote mpaka yakalowa. Wiki nzima yalinuka kama injini. Hata sisi tukawa tunakaa chini. Jumamosi ile Jajja alipiga chafya kutoka salamu ya kwanza hadi kwaheri, na Mama akaihesabu chafya hiyo kuwa jibu.

Jioni alimwambia Baba, sisi sote tukisikia:

"Nitakaa mpaka shule zifunge. Nikiendelea kuonekana takataka, narudi kwetu na watoto wangu. Wewe endelea na upepo wako."

Baba alijaribu kucheka. Lakini mimi nilimwona. Huyu mtu alikuwa amekula mkahawani miaka mingi, chakula cha mtu mmoja, mgongo kwa ukuta. Tangu tuje alikuwa akirudi kabla jua halijazama na kupiga makofi getini, ingawa geti lenyewe lilikuwa bati moja, ili wadogo zangu wamkimbilie. Siku hizo alianza kuyapiga makofi taratibu, kama anayeuliza kama bado tupo.

Shule zilifunga. Mama hakuwa amebadili neno. Lilikuwepo lori la rafiki wa Baba, lililoleta mahindi kutoka Kitale na kurudi tupu, na Baba mwenyewe ndiye aliyeliomba, kwa sababu alisema hata kama mtu anakuacha huwezi kumwacha asafiri vibaya. Asubuhi hiyo alitoka mapema. Alisema kuna wateja. Hakutuaga, alitwambia tu tusisahau kufunga mlango.

Makochi yalipakiwa kwanza, kisha vitanda. Tulikuwa tunatoa masufuria Jajja alipoingia na wenzake, na safari hii walikuwa na mtu mpya, mama mmoja Mnubi wa nyumba ya tatu, Hajati, ambaye miezi yote alikuwa Bombo kwa bintiye aliyejifungua. Babu zake waliletwa na jeshi la Waingereza, na Kiswahili alikipata kwa babu hao. Wanawake walikuja na mkeka mpya, umekunjwa. Ni zawadi ya kumuaga mtu. Wakautandika sebuleni, wakakaa.

Mama alitafuta pa kukaa. Kwa mazoea alirudi nyuma hatua mbili kulipokuwa na kochi, na hapakuwa na kitu. Akasimama. Nusu kasimama, vile vile vya zamani. Kisha akajishusha, polepole, mkono mmoja ukutani, akakaa mkekani kati ya Hajati na Jajja, na miguu yake ikakataa kukunjika upande unaotakiwa.

Jajja akasema kitu. Wenzake wakaangalia chini.

"Huyu mzee anasema," Hajati akaanza, "asante umekaa na sisi, ata kama ni siku ya mwisho. Anasema walikuwa wanajiuliza kosa yao ni gani."

"Kosa gani?"

"Mama, wewe si ndiyo unakaa juu? Wanakuja kwako, wewe uko juu kama mwami. Wanasema labda huyu bibi ni mtoto ya chifu huko kwao. Lakini hawakuacha kuja, kwa sababu mgeni ni mgeni, ata akiwa na maringo."

Mama aligeuka akaangalia pale kochi la watu watatu lilipokuwa.

"Mimi nilifikiri wanaogopa kunguni," alisema.

Hajati akatafsiri. Jajja akauliza swali, na Hajati akaanza kutikisika mabega kabla hajalifikisha.

"Anauliza, kwani ile dawa ilikuwa ya kunguni? Yeye alizani ni manukato ya Kenya. Alikuwa anavumilia."

Sijui nani alianza kucheka. Najua Mama alicheka mpaka akaegemea bega la Jajja, na Jajja akaendelea kumpigapiga mgongoni huku machozi yakimtoka, na kila aliyetulia alimtazama mwenzake akaanza upya. Halafu Mama akawa halii wala hacheki, yupo katikati. Alisema, akimwambia Hajati ingawa macho yalikuwa kwa Jajja, kwamba miezi yote hii alikuwa akikaa juu peke yake na kule juu kuna baridi.

Dereva akapiga honi. Alikuwa na mpaka wa kuwahi.

Mama aliinuka, akatoka mpaka kwenye lori. Aliyatazama makochi yake yaliyofungwa kamba, akavuta kitambaa kimoja kilichopinda, akakinyoosha. Nilidhani anaagana na nyumba.

"Shusha vitanda na masufuria," alimwambia dereva. "Hayo makochi peleka kwa mama yangu. Yeye ana vigoda tu, na wageni wake ni wa kukaa juu."

Dereva alimuuliza mwenye mali anajua? Mama akamwambia mwenye mali anaongea naye. Na kweli yakaondoka, rangi ya damu ya mzee, yakapanda kilima cha mabalozi bila abiria. Mimi nililia kidogo kwa ajili yao.

Mchana wote wanawake walibaki wakimenya matoke uani, na Mama alifundishwa kufunga majani ya ndizi juu ya sufuria, vibaya, kwa maelezo ya watu watano. Hakuna aliyekumbuka kumpelekea Baba habari Kisenyi.

Alirudi jioni. Makofi hakupiga. Nilikuwa kwenye korido na sahani, nikamwona akiingia sebuleni na kusimama katikati ya chumba kile kilichokuwa kikubwa ghafla. Mkononi alikuwa na mkate, ule mdogo, wa mtu mmoja. Alitazama mahali pa kochi la watu watatu. Akatazama la wawili. Alitoa kofia kana kwamba ameingia matangani. Nilitaka kumwita, lakini kabla sijaweka sahani chini Mama akatokea mlango wa nyuma na birika la chai.

Wakatazamana. Mama aliuona mkate, akauona ukubwa wake, akaweka birika chini.

"Vua viatu, Baba watoto. Unakanyaga mkeka wa watu na mafuta yako ya Kisenyi."

Baba aliinama kufungua kamba. Alikaa huko chini na kamba zile kwa muda mrefu kuliko kamba yoyote inavyohitaji, na hakuna kati yetu aliyemharakisha.