Mtungi Nilioziba Siku ya Wakwe

Mimi ninakaa Kitale, lakini siku wakwe walipokuja kumwona mjukuu wangu nilikuwa Bungoma, kwa mwanangu. Msichana huyo nimemlea mimi tangu aachishwe ziwa. Alimtaka kijana wake kabisa, na wazazi wa kijana walikuwa bado hawajasema ndiyo. Wakiondoka na uso mbaya, basi, imeisha.

Mwanangu ameweka ile mashine ya ukutani, ya kutoa joto asubuhi na baridi jua likiwaka. Ikitoa baridi, maji hutoka kwa paipu nyembamba mpaka nyuma ya nyumba. Alinieleza kwamba hewa ya moto ikigusa kitu baridi hutoa jasho, kama chupa ya soda. Nikamwambia sikusoma, lakini jasho nalijua, nimelima.

Siku hiyo, jua lilipowaka, nikakuta maji safi yanamwagika mchangani. Mtu aliyepanda mlima na maji kichwani hawezi kuona hivyo akanyamaza. Nikaleta mtungi, nikaingiza paipu mdomoni, nikaziba vile sisi huziba tukitoka mtoni: gunzi la mahindi na kitambaa, unashindilia mpaka kinakaza. Hata sisimizi hangepita. Nikajisifu. Halafu nikaingia ndani kugombeza watoto wasiguse mashine, ati wataiharibu mbele ya wageni.

Wageni walipofika, baba ya kijana nilimkalisha mimi mwenyewe chini ya mashine, apate ubaridi. Tukaomba, chai ikaletwa, maneno yakaanza kwenda vizuri. Ndipo tone likamwangukia kwenye upara. Akapangusa. Likaja lingine. Alipoinua uso, maji yakashuka kama bomba, mengine ndani ya kikombe chake.

Mjukuu wangu alisimama na birika mkononi, machozi yanamlenga.

“Hiyo ni baraka!” nikaruka kusema. “Kwetu mvua ikinyesha siku ya posa, ndoa inakaa.”

Mzee akaangalia dirishani. “Mvua gani, mama, na jua ni hili?”

Mwanangu alikuwa ameshatoka nje. Tukasikia sauti yake nyuma ya nyumba: “Nani ameziba paipu na gunzi?”

Watoto wote wakageuka kuniangalia. Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuangalia mwingine.

“Maji yalikuwa yanapotea,” nikasema.

Mwanangu akaingia na gunzi langu mkononi, likidondosha maji kwenye zulia. “Mama, ukiziba mtungi hivi, hewa iliyo ndani itatokea wapi? Maji yamekosa pa kuingia, yamerudi juu mpaka kwa mashine.”

Mimi, mwenye kugombeza mtaa mzima, nikawa naangalia vidole vyangu vya miguu.

Mzee akatoa leso, akajipangusa kichwa polepole. Akauliza, “Mama, huyu msichana ni wewe umelea?”

Ningeweza kumtupia lawama mama aliyemzaa. “Ni mimi.”

“Na amejifunza kwako?”

“Kila kitu.” Nikaona mjukuu wangu anafumba macho.

Mzee akamgeukia mke wake. “Unasikia? Huku hata jasho ya mashine haipotei. Na wewe unamwaga maji ya kuosha mchele!”

“Si afadhali mimi,” mke wake akajibu. “Yangu nayamwaga nje, si kwa kichwa ya mgeni.”

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na nyumba yote ikamfuata. Mjukuu wangu alicheka akilia, akasahau birika, akamimina chai hadi kwenye kisahani.

Walisema ndiyo hapo hapo, na kwamba watarudi na wazee wao. Mzee aliomba kitu kimoja tu: siku hiyo atakaa upande ule mwingine wa chumba, na mimi nikae mbele yake, mahali anaweza kuiona mikono yangu.