Thirza Gaunt wa Upande wa Kaskazini

Alizaliwa mwaka 1798 katika parokia ya Askerwick, Lincolnshire, Uingereza, binti wa mchunga kondoo mcha Mungu. Aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na mwana mmoja, Jabez. Mwaka 1831 kijana huyo alijitoa uhai mtoni. Kasisi Wray, mtu mnyofu lakini mkali wa sheria, aliamuru azikwe kaskazini mwa kanisa, bila kengele wala sala, pale walipofukiwa waliojiua na watoto waliokufa kabla ya kubatizwa.

Kesho yake Thirza alipiga magoti pale, na huo ukawa wito wake.

“Mama Thirza, utaganda huko!” alisema Obed Starling, mchimba makaburi. “Jua lenyewe halitaki kufika.”

“Na Jabez je? Yule hata kwenye joto la Juni alikuwa anadai blanketi.”

Kila baba aliyeleta jioni kichanga chake kilichokufa bila ubatizo, kimelazwa katika kisanduku, alimkuta Thirza, wakasali pamoja Baba Yetu. Wanawake kisimani walimdhihaki: “Mpisheni bibi wa makaburi, ana wageni leo!” Kasisi alimnyang’anya kazi ya kufua vitambaa vya altare. Hakunung’unika, na wale wale waliomcheka, walipofiwa na vichanga vyao, aliwapokea mikononi mwake.

Alifariki Februari 1854, akiwa ameomba jambo moja tu: “Nilazeni kwa mwanangu.” Kasisi alikataa, akaagiza kaburi lichimbwe kusini, kando ya mumewe.

Wapo wasemao kwamba barafu haikai pale alipopiga magoti. Lakini ajabu iliyoshuhudiwa na parokia nzima ni ya mazishi yake. Wachukuzi wa jeneza, wote wakiwa baba waliozika vichanga kaskazini, walilipita kaburi lililokuwa wazi.

“Obed, wanakwenda wapi hawa?” aliuliza Kasisi.

“Kwa Jabez, Baba. Nimeshachimba.”

Kasisi akawafuata na kitabu chake. Aliposoma sala ya wafu, mwanamke mmoja alitaja jina alilokuwa amemchagulia mtoto wake asiyebatizwa. Mwingine akafuata, na mwingine. Majina yalipokwisha, hakuna aliyebaki wa kumtaja mwana wa Thirza. Kasisi Wray akavua kofia.

“Jabez Gaunt,” akasema.

Tangu siku hiyo hakuna azikwaye Askerwick bila sala. Nasi, wapendwa waamini, tujifunze kwake kusimama karibu na msiba ambao wengine huona aibu kuusogelea.