Lebo Niliyoikata kwenye Gauni la Nafula

Lebo niliikata mimi. Niliikata kwa wembe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna aliyenituma. Nimelibeba jambo hili miaka miwili na sasa limenichosha. Nisikilize, na ukicheka sitakulaumu, maana hata mimi nikikumbuka nacheka kwanza ndipo naona aibu.

Mimi nauza mitumba Thika, na Jumatano naenda soko la Ruiru. Mitumba yangu ni ya ndani: shimizi, sidiria, petikoti, soksi ndefu za nailoni. Wanaume wakipita mezani kwangu wanageuza shingo. Wanawake ndio wangu, hasa wale wa viwandani, na walikuwa wananiamini kuliko daktari. Ukiniuliza "hii ni ya nini?" sijawahi kusema sijui. Hiyo ndiyo sifa yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Siku moja nilifungua bale, robota zima la nguo, ambalo sikuwa nimeona mfano wake. Mitumba ya kawaida inanuka dawa, lakini hii ilinukia poda. Nadhani kuna bibi kizee huko ng'ambo alifariki, watoto wake wakamwaga sanduku lake lote. Kulikuwa na satini, lesi kama povu la sabuni, koseti zenye vijiti ndani, vikoti vyepesi visivyofika kiunoni, na mishipi mipana ya lastiki yenye vibanio vinne vinavyoning'inia. Nilikaa chini katikati yake nikacheka peke yangu kwa raha.

Kazi ikawa kuvipa majina. Mishipi nikasema ni ya mgongo, kwa akina mama wanaochuma kahawa, na vibanio ni vya funguo na leso. Iliisha Jumatano moja tu kule Ruiru! Vikoti vya lesi nikaviita vya kanisa. Koseti nikampa mama mmoja wa kwaya aliyetaka kitu cha kumfanya asimame wima. Ukumbuke hapo na mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa nabahatisha, na kila mtu aliondoka akitabasamu.

Chini kabisa ya bale ndipo palikuwa na gauni. Lilikuwa refu, satini ya rangi ya maziwa, lesi kifuani, kamba nyembamba mabegani, na koti lake la juu la kitambaa hicho hicho, la kufungwa kwa utepe shingoni. Nililiweka kando kwa sababu ya Nafula.

Nafula si jina lake, ila ni kweli kwao ni magharibi, karibu na mpaka. Alikuja Thika kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akapanga chumba Kiandutu, ukuta mmoja na changu. Akitoka zamu anakuja mezani kwangu, anakaa kwenye stuli chini ya mwavuli na kunisomea gazeti kwa sauti. Si kwamba mimi sijui kusoma, ni uvivu tu. Ukurasa anaoupenda kuliko zote ni huu huu wa maungamo unaousoma sasa. Anaubadilishia sauti, mara mwanamume, mara mwanamke, na wateja wanacheka mpaka wanasahau kuomba kupunguziwa. Sijapata rafiki mwingine kama huyo.

Alikuwa na mchumba wa Ruiru, Kamau, fundi wa malori. Shida ilikuwa mama yake Kamau, ambaye alikuwa amesema wazi kwamba msichana anatoka mbali na watu wake hawajulikani. Uamuzi ukaachiwa Cucu, yaani nyanya yake Kamau. Nafula akaitwa aende Jumamosi mchana, ukoo umwone. Cucu akimkubali, angeolewa. Akikataa, Kamau mwenyewe alishasema hana ubavu wa kupinga.

"Sasa nitavaa nini, dada?" akaniuliza.

Nikamtolea gauni. Alilivaa nyuma ya pazia langu, akatoka, na mimi nikamrudishia mteja chenji mara mbili.

"Hii huvaliwa wapi?"

"Kwa karamu. Huko ng'ambo wake za wakubwa ndio wanavaa hivi, gauni na koti lake."

"Uko sure?"

"Nafula, kwani nishawahi kukudanganya?"

Na kweli, mpaka dakika hiyo nilikuwa sijawahi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi nikalichukua nilipige pasi, na ndani ya mshono wa ubavuni nikakuta lebo ndogo nyeupe. Nikaisoma kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi. Ilisema ni vazi la kulalia, lifuliwe kwa maji baridi. Nikaisoma tena, labda Kiingereza kimebadilika. Hakikuwa kimebadilika.

Ningemwambia. Zilibaki siku mbili nzima na magauni yalikuwa tele sokoni. Lakini alikuwa ameshawatangazia wenzake wote kiwandani kwamba mimi ndiye ninayemvisha, na nikawaona akilini tayari wamekuja mezani kwangu wakishika mbavu kwa kicheko: mjuzi wa nguo za ndani hajui gauni la kulalia! Kiburi kikanishika. Nikachukua wembe, nikakata uzi mmoja mmoja, nikaitupia lebo ndani ya mkebe wangu wa vifungo. Nikajiambia, nani Ruiru atajua?

Jumamosi tukaenda. Asubuhi ilikuwa na mawingu na satini ikatulia vizuri, Nafula akawa mrembo hadi watu njiani wanasimama. Tulipofika langoni kwa akina Kamau, mtu wa kwanza niliyemwona ni shangazi mmoja aliyevaa mshipi wangu wa lastiki juu ya nguo yake ya Jumapili. Kibanio kimoja kilishika funguo, cha pili leso, cha tatu kitambulisho. Cha nne alikuwa bado anakitafutia kazi. Kando yake shangazi wa pili alikuwa na kikoti cha lesi. Na yule mama wa kwaya alikuwa pale, koseti juu ya blauzi, wima kama mlingoti, akishindwa kuinama afikie kikombe chake cha chai. Bale langu lote lilikuwa limeketi uani likinisubiri.

"Haiya, si ni yule mama wa mishipi!" wakaita. "Karibu, karibu! Mgongo wangu umepona kabisa."

Unafikiri nilistuka? Nilivimba kichwa!

Ndipo jua likatoka. Nafula alikuwa amesimama langoni, jua nyuma yake, akingoja kuitwa. Sitasema tuliona nini. Nitasema tu kwamba wazee wa ukoo wote kwa pamoja walianza kuchunguza mawingu, ingawa mawingu hayakuwepo tena.

Cucu akaja na mkongojo wake, polepole. Hakumsalimia mtu. Akashika satini kwa vidole viwili, akaisugua, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutana na mtu wa zamani.

"Hii naijua," akasema. "Nilizipiga pasi nguo kama hizi miaka kumi na moja, kwa memsahibu, mke wa mzungu mwenye shamba la kahawa. Mtoto wangu, hii ni ya kulala."

"Ya kulala?" Mama Kamau akauliza.

"Ya kulala na bwana."

Mashangazi wakaangua kicheko. Cucu akawageukia.

"Na wewe unacheka nini? Huo mshipi ni wa kushikia soksi. Unavaliwa ndani huko, karibu na chupi." Funguo zikalia shangazi alipokaa chini kwa ghafla. "Na wewe, hicho kikoti memsahibu alikuwa anavaa akinywa chai kitandani."

"Woiye, Cucu," shangazi wa pili akasema, "na mimi nimesoma nacho Biblia mbele ya kanisa, mara tatu!"

Watu walicheka hadi mama wa kwaya akaomba afunguliwe koseti apumue. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nacheka bado nilipoona kwamba Mama Kamau hacheki.

"Si nilisema," akasema. "Watu wa mbali. Siku ya kwanza kuja kwangu, anakuja na nguo ya kulala."

Cucu akageuza mshono wa ubavuni, akaona vipande vya uzi. Macho ya mpiga pasi hayazeeki.

"Hapa palikuwa na lebo. Imekatwa juzijuzi, uzi bado ni mweupe. Nani amekata?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Nikainama, nikajifanya nafunga kiatu. Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu!

Nafula aliniangalia mara moja tu.

"Ni mimi, Cucu," akasema. "Nilichagua mwenyewe. Huyu dada alinikataza nikamkatalia. Lebo ilikuwa inanikwaruza. Naomba msamaha kwako na kwa mama."

Alidhani nimekosea bila kujua, kama yeye. Alikuwa ananificha nisiaibike mbele ya wateja wangu. Na mimi nikamwacha aseme.

Cucu akamshika mkono, wakaingia ndani. Walipotoka, Nafula alikuwa amevaa gauni la maua la Cucu, pana kama pazia na limeishia magotini, na Cucu akamketisha kando yake.

"Huyu amekubali kosa mbele ya watu," akamwambia Mama Kamau. "Wewe tangu uolewe hapa sijakusikia ukikubali hata moja. Huyu ni wetu."

Vigelegele! Chai ikamiminwa tena vikombeni. Na gauni la satini? Cucu alilikunja akaliweka chini ya kiti chake. Alisema amezipiga pasi miaka kumi na moja bila kuvaa hata moja, na hilo halirudi Thika. Kamau ananiambia Cucu analala nalo mpaka leo, na anataka kikoti cha chai pia.

Sasa unaona nilivyojifunga. Kosa lilikuwa langu, sifa ya kukiri akapewa yeye. Tukirudi Thika siku hiyo akaniambia, "Hawa watu wa ng'ambo ni wabaya, dada. Wanakata lebo ndio watuletee." Nikajibu, "Wabaya kabisa." Siku ya harusi Cucu alisimama akawahadithia watu juu ya bibi harusi asiyeogopa kusema ukweli, wote wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao. Kila wanapomsifu mbele yangu, napiga tena.

Wewe muuzaji mwenzangu, usiogope kusema sijui. Mteja atacheka kidogo kisha atanunua. Na wewe mnunuzi, sikuambii uache nguo hizi za zamani, maana ni tamu. Wasichana wa chuo kule Kahawa Wendani siku hizi wananunua kwangu shimizi za satini, wanavaa juu ya fulana na raba, mchana, na wanapendeza sana. Ila kwanza inua nguo juani, utie mkono ndani. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, hiyo inataka kitu chini yake. Kikoti cha lesi kivae juu ya gauni la pamba zito, hata kanisani, mradi ujue ni nini umevaa. Mshipi wa vibanio ubaki ndani na soksi zake, tafadhali. Satini ipigwe pasi upande wa ndani, juu ya kitambaa kibichi, Cucu ndiye aliyenifundisha. Na lebo isome, halafu uiache mahali pake.

Na wewe Nafula, najua uko kwenye stuli, gazeti liko mkononi, na ulianza kusoma hili kwa ile sauti yako ya kuigiza wanawake wanaojuta. Najua pia ulipofika kwa mishipi ya wachuma kahawa ulinitambua, ukapunguza sauti. Mimi niko hapa nyuma ya meza najifanya napanga sidiria. Mkebe wa vifungo uko chini, karibu na mguu wako wa kushoto. Ufungue.