Filta Mbili na Kisima cha Kaka

Shangazi yangu wa Temeke, yule aliyenilea, alipasuliwa jicho akapewa miwani nyeusi. Aliambiwa aivae akitoka juani. Yeye akaivaa mpaka jikoni. Alichambua mchele nayo, na sie watoto tukawa tunatafuna mawe huku tunatazamana. Saa kumi alasiri anatuita ndani tukaoge, eti giza limeingia. Mume wake akimwambia, "Mama watoto, jua si hilo hapo?" yeye anajibu, "Hilo jua lako wewe." Alikuja kuivua siku ya harusi ya jirani, apake wanja, akauona ukuta wa nyumba yake ni wa njano. Aligomba wiki nzima kwamba tumempakia rangi bila kumwambia, na ukuta ule ulikuwa wa njano tangu unajengwa.

Shangazi alikufa zamani na hahusiki na ninayotaka kuyasema. Lakini mie darasani sikukaa sana, na mtu ambaye hakukaa darasani akianza kuandika anaanzia popote mkono unapoangukia. Kilichomleta shangazi ni kile kioo cheusi. Nimekuja kukiona tena uzeeni, kimefungwa mbele ya kamera.

Nyumba yangu ya Mwananyamala ina fremu moja ya duka inayotazama barabara. Alikaa muuza vocha, akaja mama wa saluni ambaye maji yake ya dawa ya nywele yaliniulia mchicha wote, alipohama akaja mpiga picha. Mtu mzima, ana mke na watoto, Mnyamwezi wa Tabora. Mie Mzaramo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sie ni watani, na utani wetu unajulikana: mtani anakutukana hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye uliyejiaibisha.

"Shikamoo, Mzee," alisema siku anakuja kuiangalia fremu. "Nimewahi kuja, kabla hamjaiuza na hii mkachezee ngoma."

"Marahaba. Pita, lakini kung'uta viatu hapo nje. Sitaki tumbaku ya Tabora iniotee sebuleni."

Akacheka, akahamia.

Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti, harusi, kipaimara. Anazifanya vizuri, ila hazipendi. Alichokuwa anakipenda ni nchi. Milima, mawingu, maji. Jumapili anapanda vilima vya Pugu asubuhi, jioni ananiletea picha nizione, hakuna hata mtu mmoja ndani. Namuuliza, "Mtani, hawa watu wote umewala?" Ananiambia mie sielewi. Kweli nilikuwa sielewi.

Kwa ajili ya picha hizo alijinunulia lenzi pana, imeshatumika. Hiyo ukisimama nayo mlangoni inachukua chumba kizima, pembe mpaka pembe, na kidole gumba chako kama hukujihadhari. Mbele yake kulikuwa na filta mbili za kioo, moja imefungwa juu ya nyingine kama vifuniko. Ya chini nyeupe, ya ulinzi tu. Ya juu nyeusi, inazunguka. Ukiizungusha, mng'ao wa maji unaondoka na mbingu inakolea bluu. Nikaichungulia nikamwambia, "Hii ni miwani ya shangazi yangu." Ikabidi nimsimulie yote, mpaka mchele.

"Na ya chini huitoagi?" nikamuuliza.

"Tangu niinunue haijatoka. Mzee, kwa chumvi ya bahari yenu na hili vumbi? Nitoe ili iweje?"

Na si yeye peke yake. Wapiga picha wa mjini hapa niliowaona ndivyo walivyo: filta ikishafungwa imefungwa. Ni sisi wale wale ambao kochi jipya linakaa na nailoni yake mpaka linachakaa ndani kwa ndani, na rimoti inabonyezwa juu ya mfuko. Kizuri kinalindwa. Kama kinafaa kazi au hakifai, hilo baadaye.

Sasa kaka yangu. Kaka alipigwa na kiharusi, miguu ikagoma. Yuko Kiwalani kwa binti yake, kitanda kiko dirishani, ndege zinapita juu ya bati. Ndugu tuliuza shamba la baba la Kigamboni. Mtani wangu alipolisikia hilo alikaa chini kucheka, na nilimwacha acheke maana alikuwa na haki. Aliyelinunua ni mama mmoja mstaarabu, anataka kujenga. Nilipokwenda kumweleza kaka kwamba ukuta unaanza kujengwa na kisima kitafukiwa, akaniambia, "Nataka nikione kisima changu kabla hawajakifukia."

Kisima kile alikichimba yeye, kijana mbichi, kwa sababu mama yetu alikuwa anafuata maji mbali na alikuwa mja mzito. Mja mzito wa nani, wa mie hapa. Kwa hiyo nina deni nacho.

"Nitakubeba," nikamwambia.

"Utanibeba na mgongo gani? Niletee picha. Lakini nataka vyote pamoja, kisima, minazi na bahari, kama nilivyokuwa naviona nikikaa barazani. Usiniletee vipande vipande."

Nilipomweleza mtani wangu, macho yalimng'aa. Vyote pamoja ndiyo kazi ya lenzi pana. "Mzee," akasema, "hii picha nitaipiga mpaka kaka yako asikie upepo." Yule mama mwenye shamba akaturuhusu, akasema tuwahi tu, mafundi wameshamwaga matofali.

Tulivuka na pantoni asubuhi. Mtani wangu akafunga stendi ya kamera pale ilipokuwa baraza yetu, msingi bado upo. Upande wa kulia kabisa kisima, katikati minazi, nyuma bahari. Akainama, akazungusha ile filta ya juu, akanyanyuka, akainama tena. Mafundi wakaacha kazi kumtazama. Jua lilikuwa kali hata kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera hakionyeshi kitu, akakifunika kwa kofia, akachungulia, akasema safi. Alinionyesha na mie. Niliona bluu. Nikasema safi.

Mchana ule ule, fremuni, akaifungua picha kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja, nikaona mabega yake yameshuka.

Pembe zote nne za picha zilikuwa nyeusi. Nyeusi ti, kama umechungulia ndani ya bomba. Na mbinguni, badala ya bluu ya sawasawa, palikuwa na doa moja kubwa limekolea katikati na kando kumepauka, kama mtu aliyepigwa ngumi. Minazi ipo. Bahari ipo. Kisima kilikuwa pembeni kulia, na pembe ya kulia haikuwepo.

"Kisima kiko wapi?" nikauliza.

"Kimeliwa na filta."

Akanieleza, polepole, kama mtu anayeeleza msiba. Lenzi ile inaona pembeni mno. Filta moja nyembamba inaivumilia, lakini ukipandisha mbili inaziona kingo zake na kuzipiga picha pamoja na shamba. Na ile nyeusi nguvu yake inategemea jua liko upande gani. Lenzi ya kawaida inachukua kipande kimoja cha mbingu, rangi inakuwa moja. Hii inachukua karibu mbingu nzima, sehemu inakolea, sehemu inakataa. Pugu hayakumtokea hayo kwa kuwa kule kuna miti, pembe zake ni giza tayari, na mawingu yanaficha. Kigamboni peupe pakamuumbua.

"Mnyamwezi umeona bahari ukapofuka," nikamwambia.

"Nyamaza wewe muuza shamba," akajibu, lakini tayari alikuwa anahangaika kuzifungua. Hazikufunguka. Chumvi na mchanga vilikuwa vimezishika, na kila akikaza vidole ndivyo zinavyong'ang'ania. Alijaribu na kitambaa, akajaribu na mkewe. Kukicha tukarudi Kigamboni nazo hivyo hivyo, maana mafundi walisema leo ndiyo leo, upande wa kisima ndio wanaoanzia.

Tulikuta msingi wa ukuta umeshachimbwa na gari la kifusi limesimama. Fundi mmoja akaleta koleo. Mtani wangu akaikumbatia kamera kama mtoto anayetaka kuchomwa sindano. Akageuka akanitazama miguuni.

"Mzee, vua kandambili."

"Unataka kunipiga nayo?"

"Vua!"

Nikavua moja, nikasimama kwa mguu mmoja mchanga usiniunguze. Akaipangusa soli, akaigandamiza ile filta juu ya mpira, akazungusha lenzi nzima taratibu bila kuibana kwa vidole. Ikalia kidogo, kama mlango. Zikatoka zote mbili, zimeshikana. Mafundi wakapiga makofi. Lenzi ikabaki wazi, mara ya kwanza tangu inunuliwe, na yeye akajiweka ubavuni mwake kuikinga na upepo kwa kifua chake. Aliniambia nisimame ubavu wa pili na shati langu nilitanue. Kwa hiyo picha ile, ukiitazama, imepigwa na watu wawili, mmoja peku nusu.

Alipiga. Tukaitazama chini ya kanga ya mama anayewapikia mafundi. Pembe zote zipo. Kisima kipo, na ukingo wake, na lile tofali lililomeguka. Lakini mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka.

"Imekufa hii mbingu," akasema.

"Ndivyo ilivyo mchana hapa. Tangu tuzaliwe."

"Imekufa, Mzee."

Gari la kifusi lilikuwa limeshawashwa. Tukatoka.

Alikwenda kuisafisha picha Kariakoo mwenyewe, kubwa, akaiwekea fremu ya mbao. Hakutaka niitazame njiani. Tukafika Kiwalani, binti wa kaka akatukaribisha, tukavua viatu mlangoni, tukaingia. Mtani wangu akampa kaka shikamoo, kaka akaitikia kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, akasema, "Ndiye huyu Mnyamwezi? Mbona hana mzigo kichwani?"

"Nimeutua kwako, Mzee," mtani wangu akajibu, akamwekea picha magotini. Tukacheka wote. Mtani wangu alikuwa hajakasirika, nasema hili kwa sababu baadaye nililifikiria sana.

Kaka aliivuta karibu, akaisogeza mbali. Kidole chake kizuri kikapita kwenye minazi, kikapita baharini, kikarudi, kikatafuta. Ndege ikapita juu, tukasubiri. Kidole kikafika pembeni kulia. Kisima kwenye picha ile kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Lenzi pana inachukua vyote, na ili vyote vienee inavisukuma mbali. Hilo hakuna aliyeniambia, nililiona pale pale.

"Hiki ndicho?" kaka akauliza.

"Ndicho, Mzee," mtani wangu akasema.

"Mbona kimekuwa kidogo hivi? Mbona kiko mbali?"

Haukuwa utani. Wala hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza mbona mvua imechelewa. Mtani wangu alifungua mdomo, nikadhani atamweleza habari za lenzi kama alivyonieleza mie za filta. Akaufunga, akavuta begi lake la kamera akalipakata. Nilimtukana tangu siku ya kwanza, nikamtukania kwao na tumbaku yao, akacheka; swali hilo la upole ndilo lililomwingia.

Kaka hakungoja. Aliweka kidole juu ya kile kifungo, akakiacha hapo, akaanza kusema. Alisema jinsi udongo wa juu ulivyokuwa mwekundu na wa chini mweupe, jinsi walivyomteremsha kwa kamba ya nazi, jinsi alivyosikia maji chini ya miguu kabla hajayaona, akapiga kelele, na mama akadhani kaangukiwa akaja mbio na tumbo lake. Nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo ya mama kukimbia. Binti yake akaja na chai akasimama nayo mlangoni, hakuiweka chini mpaka baba yake alipomaliza.

Katikati ya maneno hayo mtani wangu alinyanyuka. Nilidhani anakwenda msalani. Nilimwona akipita dirishani, begi begani. Nikasema atakuwa anapokea simu, maana kaka alikuwa bado chini kisimani na mie sikutaka kumkatisha.

"Kijana yuko wapi?" kaka akauliza alipopumzika. "Nataka kumwonyesha nilipokuwa nakaa."

Nikatoka nje. Kandambili zangu zilikuwa peke yake mlangoni. Nikaenda mpaka barabarani, nikamuuliza muuza machungwa, akanionyesha kwa kisu chake upande wa uwanja wa ndege: amepita mtu mrefu, anatembea, hakimbii. Nikapiga simu, haipatikani. Vitu vya fremuni alikuja kuvihamisha mkewe, akasema mwenzake yuko salama, ana kazi nyingine, ananisalimia. Yeye mwenyewe hajarudi.