Gapi wa Kijivu

Mwezi wa Agosti wateja wa Kabura waliacha kungojea nguo zao dukani kwake. Waliacha kitambaa, wakapimwa kiuno na mabega, kisha wakavuka korido hadi hoteli ya Linah Jepkosgei, wakaagiza chai na kusimama mbele ya tangi la samaki. Kabura aliwaona kupitia mlangoni. Mguu ulikanyaga cherehani, masikio yalikuwa ng'ambo.

"Mwalimu, hawa umewatoa wapi? Mikia kama leso za bibi arusi!"

"Ni mkono tu," Linah alijibu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Ainabkoi miaka thelathini, na bado aliongea kama anayengoja darasa liitikie. "Wengine wana mkono wa kupanda, wengine wa kufuga."

Mkono! Kabura alikata uzi kwa meno.

Kwa miaka minne jengo lile la Kapsoya lilijua tangi moja tu, la Kabura, fundi wa sare ambaye kila mtu alimwita Mama Ciku. Alikuwa ameanza na gapi sita, samaki wadogo wasiozidi kidole cha mtoto, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Kila kizazi alichagua dume mwekundu kuliko wenzake na kuwatenga wengine, hadi akaupata mkia aliokuwa akiutafuta: mwekundu wa moto, wenye pindo jeusi kama lililoshonwa. Madukani mjini hakuwahi kuuona.

Pasaka, Linah alipofungua hoteli na kuomba "hata mmoja tu wa kuanzia," Kabura alimpa jike wa kijivu asiye na mkia wa kuonyesha. Kumnyima jirani ni aibu. Kumpa kizuri ni ujinga. Alisahau jambo alilolijua vizuri sana, kwamba gapi jike akishakaa na dume huhifadhi mbegu yake kwa miezi, akazaa na kuzaa tena bila kumwona dume mwingine.

Julai stima ilipotea siku mbili. Hita ya kupasha maji ya tangi ilizima, na ingawa Kabura alilifunika tangi kwa blanketi, asubuhi ya tatu hakuna samaki aliyekuwa akiogelea. Linah hakuwa na hita. Tangi lake liliegemea ukuta wa jikoni, na nyuma ya ukuta sufuria ya ndengu ilichemka tangu alfajiri hadi jioni.

Mwishowe Kabura alivuka korido. Aliagiza chai ambayo hakuitaka, akainama kwenye kioo. Mikia kumi na mmoja, yote ina pindo jeusi. Aliitambua jinsi fundi anavyotambua mshono wake kwenye mgongo wa mtu asiyemjua. Alihitaji mmoja tu ili kizazi chake kirudi. Badala ya kusema "nipe," alipuliza chai.

"Mama Ciku! Leo umetukumbuka," Linah alisema kwa sauti, walaji wakageuka. "Tangi lako bado tupu?"

"Linapumzika."

"Likizo ndefu hiyo!" Watu wakacheka. "Basi nisaidie, fundi. Huyu wa kijivu anazaa, asubuhi nawaona wadogo kama kope. Ikifika saa sita hawapo. Hawa wakubwa sijui walipona vipi."

Kabura alijua. Gapi wote hula watoto, majike kwa madume, na dawa ni kuwawekea majani ya maji wajifiche. Alimtazama yule wa kijivu. Tumbo lilikuwa limejaa, na doa jeusi karibu na mkia lilionyesha kwamba siku zake zimefika.

"Ni yeye anayewala," akasema. Ulikuwa ukweli, robo yake.

"Mama mzazi?"

"Mtoe tu, Mwalimu."

"Ashindwe! Mchukue, si wewe uliyemleta? Mimi nibaki na warembo wangu."

Kabura alivuka korido na chupa ya jemu mkononi, polepole kama aliyebeba uji wa moto. Tangi lake lilikuwa tayari, na hita mpya na majani tele. Siku ya tano alihesabu watoto kumi na tisa. Akalifunika kwa pazia.

Wiki tatu baadaye Linah alikuja kuchukua aproni zake, akalifunua pazia bila kuomba ruhusa. Alihesabu kwa kidole kama anayeita majina darasani.

"Kumi na tisa. Na mama yao?"

"Yumo."

"Amekula wangapi?"

Kabura aliinamia cherehani kutafuta tundu la sindano.

"Nimekuuliza, Mama Ciku."

"Hakuna."

Linah aliyatazama majani, akawatazama watoto waliokuwa wakiingia na kutoka humo. "Kumbe," akasema. Kisha, "Nikatie hayo majani. Kipimo kamili, tafadhali."

Kabura alichukua mkasi, akatia mkono majini mbele ya macho ya Mwalimu. Akakata fungu, akalipima kwa jicho, halafu akalipunguza kidogo, kama fundi asiyekosa kujibakizia kipande cha kitambaa cha mteja.